Prosesa ya i7-3770 ya mtumba kwenye Dell ya 2012: nimelipa 95,000, nimepata dakika 19

Kabla sijatoa hata mia, nilikaa wiki nzima na daftari la shule pembeni ya kibodi. Kila kompyuta iliponiweka nisubiri, niliandika nimesubiri nini na kwa dakika ngapi. Wiki ile nilikuwa na ndoa moja ya kanisani, sendofu moja na mahafali ya chekechea. Jumamosi jioni nikajumlisha. Kuwasha mashine na kufungua programu: dakika 9 kwa wiki nzima. Kunakili mafaili kutoka kwenye kadi za kamera: saa moja na dakika 40. Kurenda, yaani kuipika video iwe faili moja la kumkabidhi mwenye shughuli: saa 13 kasoro.

Mimi napiga na kuhariri video za shughuli hapa Morogoro. Mashine yangu ni Dell OptiPlex 7010, ile ya boksi kubwa, mtumba wa ofisi fulani ya Uingereza. Mpaka leo ina kibandiko cha namba ya mali ubavuni na sijakibandua. Ilikuja na prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i5-3470, viini vinne, kasi 3.2 GHz. Mwenyewe nimeiongezea RAM ikafika GB 16, na miaka miwili iliyopita nikaitoa diski ya kuzunguka nikaweka SSD, ile isiyozunguka, ya GB 240. Nahariri kwa Kdenlive, programu ya bure, na hilo lina uzito kwenye habari hii kwa sababu Kdenlive karibu kazi yote inaibebesha prosesa.

Naitaja SSD mapema makusudi. Jirani yangu wa steshenari aliposikia nabadilisha prosesa, akataka na yeye. Mashine yake ni kama yangu, ila bado ina diski ya zamani. Ukiiwasha unaweza kwenda kununua maandazi, ukarudi ukakuta bado inazungusha duara. Nikamwambia dada, ukiweka i7 hapo utasubiri vilevile. Yeye anachapa barua za maombi ya kazi, anatoa kopi, anaskani vyeti. Prosesa yake inasinzia mchana kutwa ikiingojea diski. SSD yangu ilikuwa 65,000, na ile ndiyo pesa iliyonipa furaha kuliko zote nilizowahi kutia kwenye hii kompyuta: kutoka karibu dakika tatu za kuwaka mpaka sekunde 25. Kama hujaweka SSD, acha kusoma hapa, kaweke, urudi.

Sasa tuje kwenye prosesa yenyewe. Bodi ya 7010 inatumia soketi (kikalio cha prosesa) ya 1155, na kwa soketi hiyo, ukitaka chipu ya juu kabisa isiyo na makeke, ni i7-3770. Ni ya mwaka 2012 kama ile i5 yangu. Viini ni vinne vilevile. Tofauti ni kwamba kila kiini cha i7 kinashika nyuzi mbili za kazi kwa wakati mmoja, kama mpishi mmoja mwenye mafiga mawili: maharage yakiwa yanachemka huku, kule anakaanga kitunguu. Hawi wapishi wawili, lakini hasimami bure. Kasi nayo inapanda kidogo, 3.4 GHz na inaweza kuruka hadi 3.9, wakati yangu iliishia 3.6. Kumbukumbu ya ndani ya chipu ni MB 8 badala ya 6. Na zote mbili zimekadiriwa wati 77, kwa hiyo pawasapulai na feni ya Dell vinabaki vilevile. Hili la mwisho ndilo lililonitoa wasiwasi, maana pawasapulai ya hizi mashine si ya kuchezea.

Nikapanga safari ya Kariakoo. Treni ya SGR kutoka stesheni ya Kihonda ilikuwa 13,000 kwenda na 13,000 kurudi, na nauli hiyo naihesabu kwenye bei ya prosesa. Watu wengi wanasahau hapo. Wanasema "nimepata kwa bei ya chee Dar" bila kuhesabu nauli na bodaboda.

Duka la kwanza, kijana hata hakuniuliza mashine gani. Akafungua droo, akanipa chipu kwenye kipande cha sponji. "Dada, i7 hiyo, mia na thelathini, fungua baraka." Nikaiweka chini ya taa ya simu. i7-4770. Nikamwambia hii ni ya soketi 1150, yangu ni 1155. "i7 ni i7, dada, inaingia tu." Haiingii. Zile pengo mbili ndogo za pembeni hazikai sehemu moja, zimewekwa hivyo kusudi mtu asilazimishe. Ukilazimisha unaua bodi.

Duka la pili wakanitolea 3770 kweli, elfu themanini, nikataka kufurahi. Kumbe kuna herufi T mwishoni. Ile ni ya kubana umeme, wati 45, kasi yake ya msingi ni 2.5 GHz. Kwa kompyuta ndogo ya kukaa nyuma ya skrini ni nzuri sana. Kwa mtu anayerenda misa nzima, ambapo viini vyote vinafanya kazi saa nzima bila kupumzika, ni kulipa pesa ili uende taratibu. Muuzaji hakuwa anadanganya, nadhani hata yeye hakuwa ameiona hiyo T. Herufi ni ndogo kama chungu.

Duka la tatu alikaa mzee mmoja, miwani puani, chipu zake amezipanga vizuri kama vito. Shikamoo, marahaba mwanangu, unatafuta nini. Nikamtajia mpaka namba. Akaniangalia vizuri, akatoa moja: i7-3770, bila herufi yoyote, chini yake SR0PK na 3.40GHZ. Hiyo SR0PK ndiyo alama ya chipu hii, na imechorwa kwenye bati lenyewe. Stika mtu anaweza kubandika anavyotaka. Mzee akaifunga kwenye bodi yake ya majaribio, ikawaka, tukaangalia kasi na idadi ya nyuzi, tukaiacha iendelee kuwaka huku tunabishana bei. Alianza 120,000. Nikamwambia mzee wangu, nimetoka Morogoro, na nauli nimeshalipa. Akacheka, akasema nauli hajanitumia yeye. Tukakutana 95,000, pamoja na risiti ya mkono iliyoandikwa "testi siku 7". Tyubu ndogo ya pesti ya kupoozea, 5,000.

Kuifunga nilifanya mwenyewe dukani kwangu, khanga imetandikwa mezani. Sikumwita fundi kwa sababu fundi angetaka 20,000 kwa kazi ya nusu saa, na pia, niseme ukweli, nilitaka kuona. Nilipoondoa chuma cha kupoozea, ile pesti ya zamani ilikuwa imekauka kama ukoko wa wali, nyeupe, imepasuka katikati. Vumbi kwenye mapezi ya chuma lilikuwa limejishona kama kitambaa, nikalibandua kipande kizima. Sehemu ya joto niliyokuwa nalaumu prosesa ilikuwa ni uchafu wangu mwenyewe.

Nikasafisha kwa pamba na spiriti ya duka la dawa. Chipu hizi hazina miguu. Vijisindano viko kwenye bodi, 1155 kwa hesabu, vyembamba kama malaika ya mkono. Usivigusie kidole, na chipu usiidondoshe juu yake. Unaishika kwa kingo, unalinganisha pembetatu ya dhahabu ya kona na alama ya soketi, unailaza yenyewe ikae. Halafu unashusha ile fimbo ya kubana, na hapa moyo unasimama, maana inalia krrr kama kitu kinavunjika. Hakivunjiki kitu, ndivyo inavyobana. Pesti kiasi cha punje ya mchele katikati, chuma juu, skrubu unakaza kwa msalaba kidogo kidogo.

Nilipowasha, mashine ikalalamika kwamba kifuniko kilifunguliwa. Dell hizi zina umbea huo. Ukibonyeza F1 inanyamaza. Windows ikafunguka bila kudai chochote, na kwenye ile grafu ya matumizi ya prosesa, badala ya visanduku vinne vikatokea vinane. Nilikaa navitazama kama mtu anayetazama TV.

Haya, matokeo. Nilikuwa nimetunza mradi wa misa ya ndoa, dakika 38, kamera mbili, 1080p, fremu 25. Kwenye i5 ulirenda kwa dakika 71. Kwenye i7, dakika 52. Nikarudia mara tatu, tofauti haikuzidi dakika moja. Dakika 19 zimeondoka, zaidi ya robo ya muda wote.

Ile video fupi ya dakika nne ya kurusha WhatsApp, yenye rangi, miale, majina yanayoelea na mbwembwe zote ambazo bibi harusi anazitaka, ilikuwa dakika 16, sasa 14. Hapo nilitegemea zaidi. Sababu nimeielewa baadaye: zile mbwembwe zinapangiwa foleni moja, moja baada ya nyingine, kwa hiyo nyuzi nyingi hazisaidii kitu, unachopata ni ile nyongeza ndogo ya GHz. Kubana picha kwenye H.264, fomati ya video iliyozoeleka, ndiko kunakotumia nyuzi zote nane. Misa ndefu isiyo na madoido mengi inafaidi. Video fupi iliyojaa vikorombwezo haifaidi hivyo. Kama kazi yako ni hizo fupi tu, zipunguze sifa ninazozitoa hapa.

Kuhariri kwenyewe kumelainika. Kamera tatu kwa pamoja zilikuwa zinagomagoma, sasa zinakwenda nikipunguza ubora wa onyesho hatua moja. Kufungua programu: sikuona tofauti. Intaneti: hakuna. Joto wakati wa kurenda lilikuwa linafika 84, sasa ni 79, ila hilo ni la usafi na pesti mpya, siwezi kuipa i7 sifa isiyo yake.

Mtaniuliza kwa nini nisirende usiku nimelala, niache kuhangaika na treni. Ni swali la maana kuliko yote, na ndilo litakaloamua kama pesa yako inaenda pazuri. Fremu yangu iko kwenye jengo ambalo mlinzi anazima swichi kuu saa tatu usiku, na hana mjadala. Kwa hiyo kila kitu changu, kuhariri, kurenda, kupokea wateja, kinagombania saa zilezile za mchana. Mashine ikirenda misa, mimi nakaa namenya machungwa. Kwa wiki ya kawaida sasa naokoa kama saa tatu, na zote ni za mchana, za kazi. Wewe ambaye kompyuta iko nyumbani na umeme upo usiku kucha, bonyeza kurenda ukalale. Kama itamaliza saa nane au saa tisa usiku, inakuhusu nini? Kwako hizi dakika 19 hazina thamani ya hata nauli ya daladala.

Na kuna umeme kukatika. UPS yangu inashika dakika 11 mashine ikiwa kwenye kurenda; kwa kuwa wati ni zilezile, i7 haijabadilisha hapo. Lakini faili la MP4 huandika orodha yake mwishoni kabisa. Umeme ukikatika dakika ya 65 kati ya 71, huna video yenye dakika 65, una faili kubwa lisilofunguka popote. Imenitokea mara mbili msimu mmoja, na mara moja familia ilikuwa inasubiri nje ya duka. Sasa misa naikata vipande vitatu, kila kimoja kinaiva kwa dakika 17 hivi, halafu naviunganisha. Ukikatika, napoteza kipande kimoja. Hilo la vipande ningeweza kulifanya hata na i5, bure. Nakiri.

Mahali i7 iliponiangusha ni simu. Siku hizi hakuna harusi bila binamu wa bwana harusi mwenye iPhone anayesema "dada, na mimi nina klipu zangu kali, ziweke". Tangu iOS 11 ya mwaka 2017 hizo simu zinarekodi kwa HEVC, fomati inayobana video zaidi, na chipu za jenerasheni ya tatu kama zangu hazina kifaa cha ndani cha kuisoma. Intel walianza kuiweka kwa ukamilifu kwenye jenerasheni ya sita. Kwa hiyo prosesa inaisoma kwa nguvu za mikono. Klipu ya 4K ya HEVC kwenye i5 ilikuwa kama albamu ya picha za mnato, na kwenye i7 ni albamu ileile ila kurasa zinafunuliwa haraka kidogo. Lazima uitengenezee nakala nyepesi kwanza, na huko nako ni kusubiri. Dawa niliyoipata haihitaji pesa: kabla ya shughuli naongea na kamati, nawaomba wenye iPhone waingie kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya fomati, waache ile ya kubana nafasi, wachague ile inayokubaliana na vifaa vyote. Simu inarudi kwenye H.264. Wanapoteza 4K ya fremu 60, na kwa video itakayoangaliwa kwenye simu ya mama mkwe sidhani kama kuna atakayelalamika.

Sasa hesabu. Chipu 95,000, nauli 26,000, bodaboda za huku na kule 6,000, pesti 5,000. Jumla 132,000. Ile i5 fundi wangu aliinunua 20,000, kwa hiyo nimetoka mfukoni 112,000.

Siku ileile, mzee wa duka la tatu alinionyesha kompyuta nzima yenye i5-8500, RAM GB 8 na SSD, akaitaja 500,000. Niliitazama kwa macho ya mwenye njaa. Ina viini sita, inasoma HEVC yenyewe, na inakubali Windows 11, ambayo kwa upande wa Intel inaanzia jenerasheni ya nane. Yangu haikubali. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na i7 yangu mpya imeingia kwenye nyumba ambayo mwenye nayo ameshaacha kuikarabati. Pia chipu hizi hazina AVX2, amri za ndani ya prosesa zilizokuja na Haswell, jenerasheni ya nne, mwaka 2013, na programu mpya zinazidi kuzidai. Kwa hiyo hii ni pesa ya kuvuka msimu, na nililijua hilo nikiwa bado kwenye treni. Kdenlive inafanya kazi vizuri kwenye Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, na nimeshaweka Linux Mint kwenye flashi ili nikimaliza harusi za Desemba nihamie huko.

Laki tano sikuwa nazo. Ningekuwa nazo, ningeinunua ile i5-8500 na nisingeandika haya. Kwa 112,000 sijuti, ila mpaka wangu ulikuwa wazi kabla sijaondoka: chipu ikivuka 120,000, narudi mikono mitupu. Unakuwa umelipa robo ya mashine nyingine kwa ajili ya mashine inayostaafu. Mwenye i3-3220 yenye viini viwili ataona tofauti kubwa kuliko mimi, na naye asivuke hapo. Mwenye i5 ambaye harendi chochote abaki na i5 yake.

Ile i5 yangu, kwa njia, haikukaa. Fundi alinipigia juzi akicheka, ameifunga kwenye mashine ya mteja iliyokuwa na i3, na mteja anamsifia mji mzima, anasema kompyuta imekuwa roketi. Nikashangaa, nikamuuliza huyo mteja anafanya kazi gani.

"Anaandika barua tu za serikali ya mtaa."

Nikanyamaza kidogo.

"Nimemwekea na SSD," akasema.